Kuogesha Mbwa Mlangoni Nakuru: Tathmini ya Miezi Minane na Bei Nilizolipa

Nina mbwa wawili. Bosco ni German Shepherd wa miaka sita mwenye uzito wa kilo 34, na kazi yake ni kulinda boma. Pamba ni Japanese Spitz wa kilo saba, ambaye kazi yake sijawahi kuitambua isipokuwa kumfokea kila mwendesha bodaboda anayepita. Tunaishi Kiamunyi, upande wa barabara ya kwenda Kabarak, ambako barabara za ndani ya mtaa bado ni za murram na ambako, kuanzia Januari hadi mvua za Aprili zinapoanza, vumbi huingia hadi ndani ya kabati la vyombo. Inasemekana jina la Nakuru lenyewe limetokana na neno la Kimaasai linalohusiana na vumbi, na mtu aliyewahi kufuga mbwa mweupe katika mji huu hahitaji ushahidi zaidi. Pamba alinunuliwa akiwa mweupe. Kufikia katikati ya Februari huwa na rangi ya chai ya maziwa.

Kwa miaka mingi niliwaogesha mwenyewe nyuma ya nyumba, kwa beseni, mpira wa maji na ile sabuni ya kipande ambayo katika nyumba zetu huosha kila kitu, kuanzia sare za shule hadi masufuria. Niliacha kwa sababu ya magoti yangu, ambayo hayapendi tena kuchuchumaa kwa saa nzima, na pia kwa sababu daktari wa mifugo alinionyesha mba na mabaka makavu kwenye tumbo la Pamba akaniuliza ninamwogesha kwa sabuni gani. Ngozi ya mbwa haina asidi nyingi kama ya binadamu, na sabuni kali ya kufulia huiondolea mafuta yake ya asili, ikabaki kavu na yenye kuwasha. Mbwa hujikuna, na mahali anapojikuna ndipo vidonda huanzia. Ndipo nilipoanza kutafuta watu wa kuwaogesha, na kwa muda wa miezi minane nimejaribu huduma tatu: saluni moja ya mbwa iliyoko katikati ya mji, na mafundi wawili ambao huja nyumbani na vifaa vyao.

Majina sitayataja. Kwa yule niliyeumizwa naye sababu iko wazi, na kwa yule ninayemsifu ni kwamba kazi hii hufanywa na mtu mmoja au wawili, na mwezi ujao anaweza kuajiri msaidizi ambaye sijamwona akishika mkasi. Ni afadhali msomaji ajue namna ya kumtambua fundi mwenyewe, kwa kumtazama akifanya kazi, kuliko kubeba jina lililotoka kwangu.

Saluni ya mjini ilikuwa safi na bei yake ilikuwa ndogo kuliko zote, Sh1,500 kwa Bosco na Sh1,000 kwa Pamba, ila kumfikisha mbwa huko ndiyo kazi. Matatu hazibebi mbwa. Bodaboda wa kituo chetu alikubali kumbeba Pamba ndani ya kikapu, jambo ambalo sikulipenda na Pamba alilipenda mno. Kuhusu Bosco, madereva wawili wa teksi walifika langoni, wakamwona, wakafuta safari kabla sijafungua mdomo. Wa tatu alikubali kwa Sh600 kwenda na Sh600 kurudi, kwa sharti kwamba nitandike shuka kuukuu kwenye kiti chote cha nyuma. Kwa hiyo Bosco alioga kwa Sh2,700, nusu karibu ikiwa ni nauli, na aliporudi alikuwa amejaa mate ya hofu kifuani kwa sababu ya safari. Mwenye gari lake hatahesabu hivi, na kwake saluni ya mjini inaweza kuwa ndiyo chaguo la busara. Mimi sina gari.

Fundi wa kwanza wa kuja nyumbani alifika Jumamosi moja mwezi wa pili, akiwa na Probox, tangi la plastiki kwenye buti na jenereta ndogo iliyofungwa kwa kamba ya mpira. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye maneno mengi, na alinipa bei kwa simu: Sh1,200 kwa Pamba na Sh2,000 kwa Bosco. Nilipoona bei hiyo nilijipongeza. Alimaliza mbwa wote wawili kwa saa moja na dakika kumi, na hilo peke yake lilipaswa kuniamsha.

Makosa yake niliyaelewa moja baada ya jingine, mengine siku ileile na mengine baadaye. Alipofika kwenye kucha za Bosco, ambazo ni nyeusi tii, alizikata kwa kasi ileile aliyozikatia za Pamba. Ndani ya kila ukucha wa mbwa kuna nyama yenye mshipa wa damu. Kwenye ukucha mweupe unaiona kwa rangi ya waridi inayopenya, lakini kwenye ukucha mweusi haionekani kabisa, na fundi anayejua hukata vipande vyembamba kama vya kitunguu huku akitazama sehemu iliyokatwa hadi aone doa dogo la kijivu katikati, kisha anaacha. Huyu alikata mara moja. Bosco alilia sauti ambayo sijawahi kuisikia, na damu ikaanza kutiririka kwenye veranda. Kuna unga maalumu wa kuzuia damu ambao kila mkata kucha za mbwa anapaswa kuwa nao mfukoni. Yeye hakuwa nao. Tulitumia wanga wa mahindi kutoka jikoni kwangu na kitambaa, na ilichukua karibu robo saa damu kukoma. Hadi leo Bosco akiona mkasi wa kucha huweka mguu wake chini ya kifua kama mtoto anayeficha daftari lenye alama mbaya.

Kosa la pili lilihusu kupe. Alitoa chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, aina yenye amitraz, akaimimina ndani ya ndoo kwa kipimo cha jicho: kifuniko kimoja, halafu akatazama ndoo, halafu akaongeza kidogo. Dawa hiyo hutumika kwa mbwa pia, na watu wengi wa huku huitumia, lakini kipimo chake hakikisiwi, kwa sababu ikizidi humlegeza mbwa na kupunguza mapigo ya moyo wake. Bosco alishinda amelala mchana kutwa na kuyumba alipoamka kunywa maji. Daktari niliyempigia simu aliniuliza kipimo kilichotumika, na sikuwa na jibu.

Kosa la tatu ndilo lililonigharimu fedha zaidi, nalo halikuonekana kabisa siku ile. Aliwakausha mbwa kwa taulo na dakika chache za mashine, akawaacha juani, akasema jua litamaliza. Nje walionekana wakavu. Siku ya tatu nilimwona Pamba akijilamba nyonga bila kukoma, na nilipofunua manyoya nilikuta baka jekundu, bichi, lenye majimaji, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, na kufikia jioni lilikuwa limepanuka. Manyoya ya Spitz yana tabaka mbili: ya nje ni marefu na hukauka upesi, ya ndani ni laini na mazito kama sufu, na yakibaki na unyevu yakigusana na ngozi ni kama kumvalisha mbwa sweta lililoloa. Daktari alinyoa sehemu ile, akaisafisha, akampa dawa. Nililipa Sh1,800. Ukijumlisha, ile Sh1,200 ya kumwogesha Pamba ilikuwa imefika Sh3,000, na alikuwa na upara kwenye nyonga kwa wiki sita.

Nimesema hayo kwa urefu kwa sababu yalinifundisha mahali pa kutazama. Mtu anayelipia huduma ya kuogesha mbwa hudhani analipia maji na sabuni. Maji na sabuni ni sehemu rahisi, na hata mjukuu wangu wa miaka kumi anaweza kuifanya. Unacholipia kwa kweli ni kukausha, pamoja na utulivu wa mikono ya mtu anayekausha, na fundi yeyote anayetoza bei ndogo hupunguza hapo kwanza, kwa sababu hapo ndipo saa zinapokwenda na wateja hawajui kukagua.

Fundi wa pili nilielekezwa na jirani yangu anayefuga paka watatu na mbwa mmoja mzee. Huja na gari dogo la mizigo ambalo ndani limepangwa kwa akili: tangi la maji la lita 150, hita ndogo ya gesi, meza ya kukunja yenye mpira wa kuzuia kuteleza, mashine ya kukausha yenye mpira mrefu, na kikasha ambacho kila kifaa kina nafasi yake. Kabla hajakubali kuja aliniuliza kwa simu maswali ambayo yule wa kwanza hakuyauliza: umri wa mbwa, kama wamewahi kung'ata mtu, kama kuna ugonjwa wa moyo au kifafa, lini walipata chanjo ya kichaa cha mbwa, na kama nyumbani kuna paka. Swali la paka lilinishangaza. Alinieleza kwamba baadhi ya dawa za viroboto na kupe zilizotengenezewa mbwa zina permethrin, na paka akijisugua kwa mbwa aliyepakwa, au akimlamba, anaweza kufa kwa sumu hiyo. Mtu anayeuliza hivyo kabla ya kutaja bei ameshanishawishi nusu.

Alipofika aliomba kadi za chanjo na akazisoma, tarehe kwa tarehe. Ya Bosco ilikuwa imebakiza wiki mbili muda wake uishe, naye alinikumbusha. Kichaa cha mbwa bado kipo nchini, na serikali imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vinavyotokana nacho kufikia mwaka 2030. Mtu ambaye siku nzima mikono yake iko karibu na midomo ya mbwa asiowajua ana haki ya kuona kadi, na mwenye mbwa asiyetaka kuionyesha asimlaumu akigeuza gari. Aliponiambia nimpeleke Bosco kwa daktari kuchanjwa nilimuuliza kwa nini asimchanje mwenyewe, kwa kuwa yule mwenzake alikuwa amejitolea kumdunga sindano ya minyoo na chanjo kwa Sh500.

"Hapana, mama," alijibu. "Mimi ninaosha na kunyoa. Sindano ni ya daktari."

Jibu hilo ni sahihi hata kisheria. Madaktari wa mifugo na wasaidizi wao husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na mtu anayetembea na chanjo ndani ya buti lililopigwa na jua la saa saba, bila barafu, anauza maji tu hata kama dawa ilitoka kiwandani ikiwa nzuri.

Kazi yenyewe ilichukua saa moja na dakika hamsini kwa Bosco peke yake. Alianza akiwa mkavu, jambo ambalo sikulijua: manyoya huchanwa kabla ya maji, kwa sababu fundo likilowa hukaza na kugeuka kama mkeka. Nyuma ya masikio ya Pamba alikuta mafundo manne, akanionyesha, akasema kuyafungua kwa chanuo kutaongeza Sh500 na kuyakata kwa mkasi hakutaongeza kitu, lakini kutaacha pengo. Nilichagua kukata. Nathamini kuwa aliniambia gharama hiyo kabla, kwani wapo wanaokutajia baada ya mbwa kuwa tayari mezani na sabuni mgongoni.

Maji aliyapima kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kama mama anavyopima maji ya mtoto. Nakuru iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800, na asubuhi za Julai si za kumwagia kiumbe yeyote maji ya bomba. Shampuu aliichanganya na maji ndani ya chupa badala ya kuimimina mgongoni, akaisugua kwa vidole, akaiacha dakika kumi, kisha akasuuza hadi maji yanayotoka yakawa meupe kabisa. Maji ya kwanza kutoka kwa Pamba, naomba radhi kwa kulisema hili, yalikuwa na rangi ya barabara yetu. Nilihesabu maji aliyotumia kwa mbwa wote wawili, yakawa karibu lita 90, yaani mitungi minne na nusu. Kwa nyumba ambayo maji ya bomba huja siku mbili kwa wiki, kutumia maji ya gari lake badala ya tangi langu ni sehemu ya thamani ya huduma, nami sikuitambua hadi niliposikia tangi langu likilia tupu wiki moja baadaye kwa sababu nyingine.

Kisha akakausha. Kwanza alimwachia Bosco anuse mpira wa mashine ikiwa imezimwa. Akaiwasha akiwa hatua kadhaa mbali, kwa nguvu ndogo, akasubiri masikio ya Bosco yarudi mahali pake, ndipo akasogea. Alianzia nyuma, mbali na uso, akisukuma upepo kinyume cha manyoya huku mkono wa pili ukifuata na brashi, na manyoya ya ndani yaliyokufa yakaanza kuruka kama sufi iliyopasuka juu ya mti. Veranda yangu, ua wangu na sukuma wiki za jirani zilifunikwa. Hapo aliniambia kwamba huku kwetu karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hulingana mwaka mzima, mbwa wa aina hii hupukutisha manyoya kila mwezi badala ya kungoja msimu, kwa hiyo kuyatoa kwa mashine ndiko kunakopunguza manyoya kwenye makochi. Yule wa kwanza alikuwa amenishauri Bosco anyolewe kabisa kwa sababu ya joto. Nakuru si Mombasa, na hata ingekuwa Mombasa, tabaka mbili za manyoya humkinga mbwa na jua kama zinavyomkinga na baridi, na zikinyolewa huenda zisiote tena sawasawa.

Alipozima mashine hakusema amemaliza. Alitia vidole hadi kwenye ngozi nyuma ya masikio, kwapani, chini ya mkia na katikati ya nyonga, akagusa kwa nyuma ya mkono ambako unyevu hutambulika upesi, akarudi kwapani kwa dakika tano zaidi. Akaniambia niguse pia. Tangu siku hiyo hilo ndilo jaribio langu: fundi yeyote asiyekubali nimguse mbwa hadi kwenye ngozi kabla ya kulipwa hatarudi Kiamunyi.

Kupe aliwatafuta kwa mkono, kati ya vidole na ndani ya masikio, na kwa Bosco alipata saba, akawatia kwenye kopo lenye spiriti. Halafu akaenda kutazama kibanda cha Bosco bila kuombwa. Kupe wa kahawia wa mbwa, alinieleza, anaweza kuishi maisha yake yote ndani ya kibanda na nyufa za ukuta, na jike mmoja hutaga maelfu ya mayai humo. Ukimsafisha mbwa na kumrudisha kwenye kibanda kilekile, baada ya wiki chache uko ulipoanzia, na kupe huyo ndiye anayeeneza maradhi ya damu ambayo huwamaliza mbwa wengi kimyakimya. Nilifukia nyufa kwa saruji, nikachoma matandiko ya zamani. Kwa dawa alinishauri nimwone daktari anipe ya kupaka shingoni au ya kumeza, na kama ni ya kupaka nisubiri siku mbili baada ya kuoga, kwa kuwa mafuta ya ngozi ndiyo yanayoisambaza na sabuni huwa imeyaondoa.

Sasa fedha. Kwa Pamba hutoza Sh1,800 na kwa Bosco Sh2,800. Kwa wote wawili siku moja nililipa Sh4,200 badala ya Sh4,600, pamoja na Sh300 za umbali kwa kuwa yeye hutokea upande wa Section 58 na Kiamunyi iko upande wa pili wa mji. Bei hiyo inajumuisha kuchana, kuoga, kukausha, kucha, kusafisha masikio kwa nje na kunyoa manyoya kati ya vidole. Siku ambayo jenereta yake iligoma alichomeka mashine zake kwangu, nikatazama mita kabla na baada: zilikwenda yuniti mbili za tokeni, ambazo hakuzipunguza kwenye bili, wala mimi sikudai. Hulipwa kwa M-Pesa akimaliza. Hataki malipo ya mapema, isipokuwa kwa wateja wa Jumamosi, ambao huweka Sh500 ya kushikilia nafasi kwa sababu wengi humwita wakasafiri.

Kwa mwaka mzima, nikimwita kila baada ya miezi miwili kwa mbwa wote wawili, ningelipa Sh27,000. Hiyo si fedha ya kupuuza kwa mtu anayeishi kwa pensheni, na nimewasikia majirani wakiguna kwamba kuna watu hawajatumia kiasi hicho kwa saluni yao wenyewe. Nilikaa chini nikaigawa. Bosco ana manyoya ya wastani, hupenda maji, na uchafu wake hutoka kwa brashi. Kwake sasa namwita fundi mara mbili tu kwa mwaka, kabla ya mvua ndefu na baada ya mvua fupi, na siku nyingine namchana mwenyewe nikiwa nimekaa kwenye kiti, jambo ambalo magoti yangu yameliridhia. Pamba huoga kila wiki nane kwa Sh2,100 pamoja na umbali, kwa sababu manyoya yake hayaachwi zaidi ya hapo bila kufunga mafundo. Bosco akiogeshwa siku ileile na Pamba, mwaka wangu unakuja karibu Sh18,000, na kwa kiasi hicho naona napata haki yangu.

Nisingemshauri mwenye mbwa wa manyoya mafupi alipie huduma hii, labda awe mgonjwa au mkali mno. Mbwa wa kawaida wa Kenya, yule wa rangi ya kahawia tunayemwona kila lango, hukauka kwa taulo moja na dakika ishirini za jua. Kwake ndoo ya maji ya vuguvugu, shampuu ya mbwa ya dukani na jicho la kutafuta kupe vinatosha, na Sh1,800 zimwendee daktari kwa chanjo na dawa ya minyoo. Huduma hii inawafaa wenye mbwa wa manyoya marefu au ya tabaka mbili, wasio na gari, na wale ambao mbwa wao hushikwa na hofu wakiwekwa pamoja na mbwa wengine wanaobweka ndani ya chumba kimoja.

Nina malalamiko mawili hata kwa huyu mzuri. Akichelewa, hachelewi kidogo, huchelewa saa mbili, na simu yake wakati huo huwa imezimwa kwa sababu mikono yake imelowa. La pili ni maji machafu. Mara ya kwanza aliyaachia yatiririke hadi barabarani mbele ya lango la jirani, nami ndiye niliyesikia maneno. Sasa tunaweka meza nyuma, karibu na migomba, na maji ya shampuu hunyweshwa humo. Siku yenye dawa ya kupe huyakusanya kwenye beseni, hayaendi karibu na mboga. Pia nilitaka kujua anachofanya kati ya boma moja na jingine, kwa kuwa virusi vya parvo hudumu muda mrefu kwenye meza na vifaa na huua watoto wa mbwa. Hupangusa meza na chanuo kwa maji yenye Jik, na nimemwona akifanya hivyo alipofika, kabla hajafungua mlango wa nyuma kuwaita mbwa wangu. Ningependa zaidi aifanye anapoondoka kule alikotoka, lakini sikulisema.

Anayetaka nafasi ampigie fundi wake mwanzoni mwa wiki. Jumamosi hujaa, na fundi mwenye mbwa sita siku moja hawezi kumkausha wa sita kama wa kwanza, hata awe na moyo gani. Mimi huchukua Jumanne, saa nne asubuhi, jua likiwa limeshapasha ukuta wa nyuma. Wiki jana alifika saa nne na dakika kumi, na Bosco, aliyesikia gari likikata kona, alikuwa tayari amejibanza chini ya mnara wa tangi akiwa amekalia miguu yote minne.

"Leo si kucha, mzee," fundi alimwambia akiinama. Bosco alifikiri kwa muda, akatoa mguu mmoja.